Mwongozo kamili: namna ya kusoma, kupima na kulinda gofu la nyumba-mnara ya Ireland

Ukipita mashambani Ireland, hasa Galway, Clare, Limerick, Tipperary na Kilkenny, hukawii kuona mnara wa mawe wa pembe nne umesimama peke yake katikati ya malisho, hauna paa, kunguru wanaingia na kutoka madirishani. Wengi huuita kasri. Kwa kweli ni nyumba: makao ya mwenye ardhi mmoja na watu wake, iliyojengwa kwenda juu badala ya kutandawaa, ikawekewa ulinzi wa kutosha kumzuia jirani mwenye kinyongo au wezi wa ng'ombe. Haikukusudiwa kushindana na jeshi lenye mizinga. Nyingi zilijengwa kati ya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 17.

Kipimo cha chini kinajulikana. Mwaka 1429, enzi ya mfalme Henry wa Sita, iliamuliwa kwamba raia mtiifu wa wilaya za Dublin, Meath, Kildare na Louth atakayejenga mnara wa urefu wa futi 20, upana futi 16 na kimo futi 40 apewe ruzuku ya pauni 10. Hiyo ni takriban mita 6.1 kwa 4.9, kimo mita 12.2. Kiweke kichwani kipimo hicho. Magofu mengi utakayosimama mbele yake yamekipita.

Kazi ina utaratibu mmoja usiobadilika: gofu husomwa kutoka chini kwenda juu, na hutengenezwa kutoka juu kwenda chini. Tena kusoma hutangulia. Anayeanza kwa kung'oa mimea na kuziba nyufa huwa ameshafuta nusu ya maelezo kabla hajayaandika.

Kabla ya kutoka nyumbani

Magofu mengi yamo ndani ya mashamba ya watu. Mwone mwenye shamba, umwombe ruhusa, na umuulize kama kuna fahali. Hilo la fahali si mzaha. Usibebe mashine ya kutafuta vyuma ardhini: kwa sheria ya Ireland, tangu 1987, kuitumia kutafuta vitu vya kale bila kibali ni kosa, hata kama hujachimba chochote. Kama una nia ya kugusa ukuta, kukata mimea au kuchimba hata shimo la nguzo ya uzio, mnara ulioorodheshwa hauguswi kabla mamlaka ya mambo ya kale haijaarifiwa. Kutazama, kupima na kupiga picha hakuhitaji zaidi ya ruhusa ya mwenye mali.

Vifaa: tepu ya mita 30 na nyingine ya mita 5, timazi yenye uzi mrefu, dira, tochi kali, kofia ngumu, buti zisizoteleza, karatasi ya grafu kwenye ubao, penseli (kalamu ya wino hufa mvua ikinyesha, na itanyesha), na rula ya rangi mbili ya kuweka kwenye picha ili ukubwa uonekane. Simu yenye programu ya kupima pembe inatosha kwa kimo. Nenda wawili. Mmoja hawezi kushika ncha mbili za tepu, na mmoja akivunjika mguu kwenye ngazi hakuna wa kumwita.

Kama hujawahi kuingia kwenye mnara mzima, anza na mmoja uliotunzwa kabla ya kwenda kwenye gofu. Aughnanure, karibu na Oughterard katika wilaya ya Galway, ni shule nzuri: mnara wa ukoo wa O'Flaherty, orofa sita, wa mnamo mwaka 1500, na kuta za ua bado zipo. Pia unafundisha jambo ambalo watu husahau, yaani kutazama kilicho chini ya jengo. Mto unapita kwenye pango la mawe ya chokaa chini ya kiwanja chake. Paa la pango lilibomoka na kuondoka na sehemu kubwa ya ukumbi wa karamu. Ukuta mmoja umebaki, madirisha yake yamechongwa majani ya mzabibu na vichala vya zabibu, na mbele yake hakuna ukumbi.

Hatua ya 1: zunguka nje mara tatu

Mzunguko wa kwanza usikaribie ukuta. Kaa umbali unaolingana angalau na kimo cha mnara, ukitafuta vinavyoweza kukuangukia: jiwe lililotokeza ukingoni, bomba la moshi lililoinama, tawi lililoota juu ya ukuta. Angalia na mawe yaliyoko chini. Yenye ukungu wa kijani yamelala hapo miaka mingi. Yenye uso safi, au yaliyolalia majani mabichi, yameanguka juzi, na mengine yako njiani.

Mzunguko wa pili, angalia pembe. Pembeni ndiko mawe bora yaliyochongwa huwekwa, moja refu upande huu, linalofuata refu upande wa pili, ili kuta mbili zifungane. Kwa kuwa yamechongwa tayari, ndiyo yaliyoibwa kwanza kujengea nyumba za jirani. Pembe iliyonyang'anywa mawe hadi kimo cha mtu ni kidonda kibaya kuliko ufa mrefu katikati ya ukuta, kwa maana kuta hazina tena kinachozishikanisha.

Mzunguko wa tatu, karibia sasa. Utaona ukuta umepanuka kuelekea chini. Mpanuko wa makusudi umenyooka, unazunguka pande zote, na kwa kawaida unaishia kwenye kimo kimoja. Ulimpa mnara miguu mipana, ukamzuia adui kuchimba chini ya ukuta, na jiwe lililodondoshwa kutoka juu likigonga mteremko huo liliruka mbele badala ya kutua mguuni pa ukuta. Usiuchanganye na kitambi. Ukuta uliotoa kitambi umevimba mahali pamoja, kwa mviringo. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa debe tupu, ngozi ya nje ya mawe imeachana na kiini. Kuta hizi ni ngozi mbili za mawe yaliyopangwa, katikati pamejazwa kifusi na chokaa. Maji yakiingia juu husafisha chokaa ya katikati kidogo kidogo, kifusi kinashuka, na ngozi inasukumwa nje. Hapo usisimame.

Tafuta pia mshono wa wima usiofungana, ambapo mawe ya upande mmoja hayaingiliani na ya upande wa pili. Huo ni mpaka kati ya majenzi mawili ya nyakati mbili.

Hatua ya 2: mlangoni

Simama kizingitini utazame juu. Kwenye mnara uliobaki na kichwa chake utaona, juu kabisa, roshani ndogo ya mawe inayotokeza nje, nayo haina sakafu. Mlinzi alisimama nyuma yake akidondosha mawe kupitia uwazi huo, na ukining'iniza timazi kutoka pale uzi utakuja kutua mbele ya mlango, mahali mgeni anaposimama kubisha. Kule Blarney, mnara wa mwaka 1446 wilayani Cork, watalii hulala chali na kuinamisha kichwa kwenye uwazi wa namna hiyo hiyo ili kubusu jiwe maarufu. Wachache kati yao wanajua ulikuwa wa nini.

Kagua fremu ya mlango. Tundu refu lenye pembe nne kwenye ubavu wa ukuta, lenye kina cha mita moja au zaidi, ni ala ya komeo: gogo lilisukumwa ndani ya ukuta mlango ukiwa wazi, likavutwa kuvuka mlango ukifungwa. Ingiza tepu upime kina, kwani kinakupa kadirio la upana wa mlango hata kama fremu imeibwa. Milango mingine ilikuwa na geti la nondo upande wa nje, na tundu dogo ukutani la kupitisha mnyororo wa kulivutia ndani.

Ukivuka unaingia kwenye kijumba chembamba, mfano wa daka la nyumba ya Lamu, ila huku hakuna baraza ya kumkalisha mgeni. Mbele kuna mlango wa ghala, ubavuni mlango wa ngazi, upande mwingine mara nyingi chumba cha bawabu. Mulika dari: tundu la pembe nne linaloangalia kichwani mwako ni la kumshambulia aliyefanikiwa kuvunja mlango wa kwanza. Andika vipimo vyake na chumba gani cha juu kinalimiliki.

Hatua ya 3: orofa ya chini, na dari lililobeba alama za fito

Hapa usiharakishe. Chumba cha chini kilikuwa ghala, chenye giza, na vidirisha vyembamba kama ufa kwa nje lakini vilivyopanuka kwa ndani. Juu yake, au orofa moja zaidi, kuna dari la tao la mawe. Zima tochi, usubiri macho yazoee, kisha iwashe ukiishikilia karibu kabisa na ukuta ili mwanga upite ukiambaa kwenye dari. Mwanga wa moja kwa moja hauonyeshi kitu. Huu wa ubavu utatokeza michirizi iliyosukwa, juu na chini, juu na chini, mithili ya jamvi.

Ni jamvi kweli. Mafundi walisimamisha fremu za mbao, wakatandaza juu yake majamvi ya fito nyembamba zilizosukwa, wakamwaga chokaa nzito, ndipo wakapanga mawe ya tao. Chokaa iliposhika waliondoa mbao, na majamvi yakabaki yamenata mpaka yalipooza. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikikandikwa anazijua fito hizi. Tofauti ni kwamba huku zilikuwa kiunzi cha muda tu. Pima unene wa alama za fito, upana wa jamvi moja, na mahali majamvi mawili yanapopandana. Mara chache vipande vya fito zenyewe bado vimekwama ndani ya chokaa. Usivichokonoe: kijiti kimoja kikipimwa maabara kwa kaboni kinaweza kutoa umri wa ujenzi, na mara nyingi hakuna kingine humo ndani kinachoweza kuusema.

Ukiwa hapo kagua usalama wa dari. Ufa unaokwenda na urefu wa tao, kileleni, maana yake kuta za pembeni zinaachana. Ukingo wake ukiwa mweupe na mkavu ni ufa mpya: toka nje, kazi ya orofa za juu imeishia hapo. Ukiwa mweusi wenye ukungu na nyuzi za buibui umekaa muda mrefu, lakini bado unapigwa picha pamoja na rula.

Hatua ya 4: ngazi

Ngazi za mzunguko hukaa pembeni au ndani ya unene wa ukuta. Panda ukiwa upande wa nje wa mzunguko, ambako kidato ni kipana, na jaribu kila kidato kwa mguu mmoja kabla ya kukipa uzito. Vikikosekana viwili vinavyofuatana, rudi. Hesabu vidato na upime kimo cha vitatu au vinne. Ukizidisha unapata kimo cha sakafu zilizokwisha toweka.

Utasikia kila mahali kwamba ngazi zilizungushwa upande fulani ili mlinzi wa juu apate nafasi ya upanga wake wa mkono wa kulia na mvamizi akose. Ni hadithi tamu, ila ushahidi wake ni mwembamba, na zipo ngazi zilizozunguka upande wa pili. Andika mzunguko ulivyo, basi.

Hatua ya 5: orofa za juu

Mbao zimeoza zamani, kwa hiyo sakafu husomwa ukutani. Tafuta mawe yanayotokeza kwa mstari mmoja (yalibeba boriti ndefu za pembeni), matundu ya pembe nne yanayokabiliana (vichwa vya boriti za mwaloni vilikaa humo), au ukuta unaopungua ghafla na kuacha ukingo. Usichanganye matundu ya boriti na matundu ya jukwaa la mafundi. Ya jukwaa ni madogo, yametawanyika, na mengine yanatokea hadi nje.

Chumba kikubwa cha bwana kwa kawaida kiko juu, chenye madirisha mapana na viti vya mawe pande mbili za dirisha. Vidaka vya ukutani vilikuwa makabati. Mlango mwembamba unaoingia ndani ya ukuta na kuishia kwenye benchi la jiwe lenye tundu ni choo. Shuka nje utafute mdomo wa bomba lake mguuni pa ukuta.

Angalia meko kwa shaka. Likiziba nusu ya dirisha, au mawe yake yakiwa ya rangi nyingine, liliongezwa baadaye. Nyumba nyingi za mwanzo ziliota moto katikati ya sakafu ya mawe iliyolala juu ya tao, moshi ukatafuta njia yake paani.

Kuhusu umri, usidai mwaka mahali ambapo hakuna maandishi. Dirisha jembamba lenye kichwa kinachopinda ndani kisha nje na kuchongoka ni la kawaida katika karne ya 15 na 16. Dirisha la mraba lililogawanywa na nguzo za mawe, lenye ukingo wa kukingia mvua juu yake, huelekea kuwa la baadaye. Tundu la duara la bunduki haliwezi kuwa la kabla ya bunduki, lakini lingeweza kutobolewa kwenye ukuta wa zamani.

Hatua ya 6: kupima

Anza na orofa ya chini. Pima kila upande kwa nje, juu ya mpanuko wa ukuta kama unafika, kisha kwa ndani, kisha mishazari miwili ya chumba. Mishazari isipolingana chumba si mraba, na karibu vyote si mraba. Unene wa ukuta pima kupitia dirisha au mlango.

Kisha fanya hesabu ya kutafuta kilichofichwa. Tuseme urefu wa nje ni mita 11.40, wa ndani 6.20, na kuta za pande mbili zina unene wa 1.80 kila moja. Jumla ni 9.80. Mita 1.60 zimekwenda wapi? Zimo ndani ya ukuta: ngazi, ujia au chumba. Hesabu hii ndogo hufichua vyumba ambavyo macho hayavioni.

Kwa kimo, rudi nyuma mpaka programu ya simu isome nyuzi 45 ukilenga ukingo wa juu. Kimo ni umbali wako kutoka ukutani kuongeza kimo cha macho yako. Kosa la kawaida ni kupima umbali hadi mguu wa ukuta uliopanuka, wakati ukingo wa juu uko nyuma zaidi. Mpanuko ukiwa sentimeta 60 na tepu ikisoma 14.20, hesabu ni 14.20 + 0.60 + 1.55 ya macho, yaani 16.35. Kosa la pili ni ardhi yenye mteremko: tepu ivutwe kwa usawa wa maji, isilale kwenye nyasi.

Hatua ya 7: kulinda

Sehemu hii ni ya mwenye mali na fundi wake, baada ya kibali. Kule Kilwa Kisiwani, Tanzania, adui wa ngome kongwe iitwayo Gereza alikuja kutoka chini, mawimbi yakila ufuo. Eneo hilo lilikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Ireland adui hutoka juu. Mvua inaingia kwenye ukingo wa ukuta usio na paa, inateremka ndani ya kiini, baridi ikigandisha maji yanatanuka.

Mimea kwanza. Mtambaazi wa aivi usivutwe kamwe: mizizi yake imeshika mawe, nayo yatakuja nayo. Kata matawi mazito kwa msumeno, acha mizizi iliyozama, na usianze kabisa kama huna fundi wa kujaza viungo muda mfupi baadaye, kwa sababu aivi aliyekufa ndani ya ukuta huacha matundu ya maji. Tarehe nazo zinabana. Ukataji wa mimea ya porini umezuiwa kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti kwa ajili ya ndege, na chokaa haitakiwi kufanyiwa kazi chini ya nyuzijoto 5. Kwa hiyo kata Februari, jenga kuanzia Aprili. Popo wanalindwa mwaka mzima. Ukikuta kinyesi chao kwenye nyufa, usizibe.

Pili, juu ya ukuta. Mawe yaliyolegea yalazwe upya kwenye chokaa, kisha tandaza udongo wa mfinyanzi na juu yake mabonge ya nyasi zenye mizizi. Nyasi hunywa mvua na kupunguza makali ya baridi. Kofia ya zege hupasuka, na ufa wake huwa mfereji.

Tatu, viungo. Saruji haina kazi hapa, na fundi wa Mji Mkongwe au Lamu hahitaji kuelezwa sababu: ni ngumu kuliko ukuta, maji yanakosa pa kutokea ila kupitia jiwe, na uso wa jiwe unabanduka. Tumia chokaa ya asili inayoshika kwenye unyevu, ya daraja la 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 2.5 hadi 3 za mchanga mkali wenye chembe za ukubwa tofauti, zipimwe kwa kasha na si kwa koleo. Kwangua kiungo kina cha mara mbili ya upana wake, kioshe, kilowe bila kuchuruzika. Tundu pana lijazwe vijiwe pamoja na chokaa. Chokaa tupu ikijaza tundu kubwa hunywea na kupasuka. Ikianza kushika, igonge kwa brashi ngumu ili uso uwe wazi, kisha funika magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7 au zaidi. Jua na upepo wa mchana mmoja vinaweza kuigeuza unga.

Faili lako liwe na tarehe, hali ya hewa, michoro yenye mshale wa kaskazini, na picha zilizopigwa kutoka sehemu unazoweza kuzipata tena. Kisha rudi siku ya mvua kubwa, usimame ndani kwenye mlango wa daka, na uchore kwa penseli ya buluu kila mstari ambao maji yanapitia.